Mama na binti ndani ya fremu moja: Lebohang Kganye alivyoijenga kazi yake ya kwanza

Picha zenyewe ni ndogo. Zina sentimita 42 kwa 29.7, ukubwa wa karatasi ya A3 inayopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ofisi. Ndani ya kila moja wamo wanawake wawili waliovaa nguo zinazofanana, mkao mmoja, mahali pamoja. Mmoja ni mtu kamili, wa rangi za picha ya zamani. Mwingine ni mwepesi, na kilicho nyuma yake kinaonekana kupitia mwili wake. Wa kwanza ni mama, aliyefariki mwaka 2010. Wa pili ni bintiye, Lebohang Kganye, mzaliwa wa Johannesburg wa mwaka 1990.

Kganye alimaliza kozi ya juu ya upigaji picha katika Market Photo Workshop mwaka 2011. Chuo hicho cha Johannesburg kilianzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989, utawala wa ubaguzi wa rangi ukiwa bado upo, ili vijana waliofungiwa milango kwingine wapate pa kujifunzia kamera. Mwaka 2012 alipata ufadhili wa Tierney, ambao humsaidia mpiga picha chipukizi kufanya kazi yake akiwa na walezi. Mwaka 2013 kazi ikatundikwa ukutani kwa jina la Ke Lefa Laka, yaani ni urithi wangu. Naichukulia kama kazi ya mhitimu kwa sababu ilizaliwa katika kipindi kile kigumu ambacho mtu hana tena mwalimu wa kumpa zoezi, wala bado hana jina la kumfungulia milango.

Nimeichagua kwa kuwa inajibu tatizo ninaloliona katika maonyesho mengi ya wahitimu. Vijana wana mada nzito na wana ufundi mzuri, lakini viwili hivyo havijakutana. Anayezungumzia msiba wa nyumbani huprinti picha za mita mbili kwa sababu printa ya chuo inaweza. Anayezungumzia msongamano wa jiji hutundika vipicha sita vyenye nafasi kubwa katikati. Ufundi umechaguliwa kwanza na mada ikaingizwa baadaye. Kwa Kganye kila uamuzi wa kiufundi unatokana na swali moja, nalo ni namna ya kusimama karibu na mtu ambaye hayupo.

Baada ya msiba alirudi kwenye albamu za nyumbani, akakuta baadhi ya nguo ambazo mama amezivaa pichani bado zipo. Akazivaa. Akaenda mahali zile picha zilikopigwa, akasimama kama alivyosimama mama, akapigwa picha, kisha picha mbili zikalazwa moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Kueleza ni rahisi. Kutenda ni kazi nyingine kabisa.

Chukua kimo cha kamera peke yake. Picha za nyumbani za miaka ile zilipigwa na ndugu au rafiki, kwa kamera ndogo yenye lenzi isiyobadilika, ikishikwa usawa wa macho au kifua. Ukipiga yako kutoka juu kidogo, au ukitumia lenzi pana zaidi, mstari wa upeo unahama, miguu inafupika, na miili miwili haikanyagi tena ardhi moja. Ili binti akae sawasawa kando ya mama, kamera lazima irudi palepale iliposhikwa na yule ndugu au rafiki asiyeonekana. Hilo hunigusa kila ninapozitazama picha hizi: mtu wa tatu naye anafufuliwa, yule aliyesema “tabasamu” siku ile, na hakuna anayemtaja.

Kisha kuna jua. Kivuli cha mama kikilala kushoto na cha binti kikalala kulia, jicho la mtazamaji litakataa hata kama yeye mwenyewe hawezi kueleza kwa nini. Hapo saa ya siku huwa na uzito kuliko ubora wa kamera. Kuna pia rangi. Picha nyingi za rangi zilizoprintiwa zamani, zikikaa gizani ndani ya albamu, hupoteza rangi ya samawati kabla ya nyingine, na picha nzima huelekea kwenye wekundu. Mpiga picha anabaki na njia mbili: kuisafisha ya zamani ifanane na mpya, au kuishusha mpya ifanane na ya zamani. Ninavyoziona, picha za mama zimeachwa katika wakati wake na binti ndiye aliyefunga safari kwenda huko. Angefanya kinyume, mama angeonekana ameletwa kwetu kwa nguvu ya kompyuta, na kazi ingekuwa nyingine.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni ule wa wepesi wa mwili. Programu ya kuhariri picha inakuruhusu kupunguza kuonekana kwa tabaka la juu kidogokidogo. Ukipunguza kidogo sana unapata mapacha wawili, jambo la kuchekesha. Ukipunguza kupita kiasi anabaki doa. Wala kiwango kinachofaa picha moja hakifai inayofuata, maana nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe hupotea mapema, wakati gauni jekundu mbele ya majani hung’ang’ania. Tazama picha ya suti ya waridi ya vipande viwili. Rangi ni moja, imekolea kwa mama na imechujuka kwa binti, na uso wa binti bado unasomeka kiasi cha kuona anavyojitahidi kuushika mkao ule. Juhudi hiyo ya mwili ingefichwa, tungebaki na mazingaombwe ya tarakilishi tu.

Sasa turudi kwenye A3. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15, ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, hutoa faili ya pikseli kama 2,360 kwa 3,540. Iprinti kwa ukubwa wa A3 na unabaki na kama nukta 200 kwa kila inchi, kiasi kinachotosha kwa mtu aliyesimama umbali wa mkono. Ivute hadi sentimita 90 na unabaki na 100. Ungeweza kuskani kwa nukta nyingi zaidi, lakini karatasi ya zamani haina siri za ziada za kukupa. Utakuza mikwaruzo na ukungu wa lenzi. Zaidi ya hapo, picha hizi zimechanganya vyanzo viwili visivyolingana, mama laini wa filamu na binti mkali wa kamera mpya. Kadiri unavyokuza, ndivyo tofauti hiyo inavyojitangaza. Kwenye A3, na binti akiwa amepunguzwa kuonekana, mshono haujitokezi. Na ukubwa huo unamlazimisha mtazamaji kusogea na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa albamu sebuleni.

Upande wa pili wa kazi hiyohiyo unathibitisha kwamba ukubwa haukuwa suala la bajeti. Humo Kganye anavaa suti na kuigiza babu yake, mtu wa kwanza wa ukoo kuhama mashambani kwenda mjini kutafuta kazi, ambaye hakuwahi kumwona. Picha hizi ni nyeusi na nyeupe na zimefika sentimita 64 kwa 90. Jamaa waliomo ni picha za albamu zilizokuzwa hadi kimo cha mtu, zikakatwa na kusimamishwa kama vibao vya kadibodi, naye akitembea katikati yao. Hapa ukungu wa picha ya zamani hausumbui tena, kwa sababu kadibodi inakiri kuwa kadibodi. Babu hana nguo zilizoachwa wala mkao unaokumbukwa. Ana simulizi zinazopingana kutoka kwa shangazi na wajomba. Jukwaa la makaratasi ndilo linalomfaa.

Mhitimu mwingine wa chuo hicho, Sabelo Mlangeni, alifika kwenye mwili unaopenyeka kwa macho kwa njia tofauti. Katika Invisible Women ya mwaka 2006 aliwafuata wanawake wanaofagia mitaa ya Johannesburg usiku. Shata ikiachwa wazi muda mrefu kwenye mwanga hafifu, jengo linatulia na mfagiaji anakuwa moshi. Hakuhitaji tabaka la kompyuta. Kazi yenyewe ya kufagia ndiyo iliyomfuta mtu.

Kuhusu ukubwa, mfano wa kufundishia ni wa mpiga picha Thomas Ruff, ambaye alianza mfululizo wake wa picha za nyuso mwaka 1981 akiwa mwanafunzi wa Bernd Becher huko Düsseldorf. Mwanzoni zilikuwa sentimita 24 kwa 18, na anayepigwa alichagua rangi ya pazia la nyuma. Mwaka 1986 akazipandisha hadi 210 kwa 165. Rangi za nyuma zikameza nyuso, naye akaziacha na kutumia mandhari hafifu isiyo na rangi kali. Ukuzaji ulimlazimisha kubadili picha yenyewe. Mhitimu anayeamua ukubwa wiki ya mwisho, faili zikiwa tayari kwenye flashi, hana tena nafasi ya kujifunza hilo. Vipande vya karatasi vya bei rahisi vilivyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi miezi miwili kabla vingemwonyesha.

Kutundika nako kuna hesabu zake, ingawa nyepesi. Kumbi nyingi huweka kitovu cha picha kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni, na picha ndogo zinahitaji kukaribiana ili zisomwe kama ukoo mmoja. Linalouma ni kuondoa. Nimeona kuta za wahitimu zikishuka thamani kwa sababu ya picha mbili nzuri tu ambazo mwenyewe hakuweza kuziacha, moja kwa kuwa aliamka alfajiri kuipiga, nyingine kwa kuwa mwalimu aliisifu. Mtazamaji hajui habari za alfajiri hiyo. Anaona uzi umekatika.

Zile kadibodi za babu hazikuishia ukutani. Mwaka 2017 Kganye alizitumia mbinu hizo za kukata na kusimamisha katika filamu fupi ya vikaragosi, Ke Sale Teng. Mwaka 2018, katika Mohlokomedi wa Tora, watu wa kadibodi wenye kimo kamili walitoka kwenye picha wakasimama sakafuni, taa ikizunguka katikati yao na vivuli vyao vikipita juu ya kuta na juu ya wageni. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse kwa maonyesho yaliyofanyika Foam, Amsterdam, na humo watu wa kadibodi walikuwepo tena.