Jinsi John Francis alivyoikwepa polinomia

Darasani tunafundishwa kutafuta thamani za aigeni za matriksi kwa kuandika polinomia yake bainifu, kisha kuitafutia mizizi. Kwa matriksi ya 2 kwa 2 njia hiyo yatosha. Kwa kubwa inaponza. Mwingereza James Wilkinson alichukua polinomia ambayo mizizi yake ni 1 hadi 20, akakibadili kizigeu kimoja tu, -210, kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya milioni nane. Mizizi 16 na 17 ikageuka namba changamano!

John Francis, mwandishi wa programu jijini London, hakuigusa polinomia. Katika makala zake za 1961 na 1962 aliigawa matriksi A kuwa zao la Q na R: Q huzungusha vekta bila kubadili urefu wake, R ina sifuri tupu chini ya ulalo. Kisha akazizidisha kinyumenyume, R mara Q. Matriksi mpya ina thamani za aigeni zilezile. Ukirudia, namba za chini ya ulalo hufifia, na thamani zinazotafutwa hujitokeza kwenye ulalo wenyewe. Kwa kuwa Q haikuzi chochote, makosa ya kukadiria desimali hayavimbi. Vera Kublanovskaya, kule Leningrad, aliligundua jambo hilohilo peke yake wakati uleule.

Lakini mbinu hiyo ikiachwa hivyo ni ya kobe, na ustadi wa Francis unaonekana hapa. Kwanza aliipunguza matriksi hadi umbo la Hessenberg, lenye mstari mmoja tu wa namba chini ya ulalo, ili kila mzunguko ugharimu hesabu za kiwango cha n mraba badala ya n mchemraba. Pili, kabla ya kugawa, kadirio la thamani inayotafutwa huondolewa kwenye kila namba ya ulalo, kisha hurudishwa baada ya kuzidisha. Namba ya mwisho chini ya ulalo huporomoka upesi. Tatu, na hili ndilo ninalolistahi kuliko yote, thamani changamano huja jozi, naye alizishughulikia mbili kwa mkupuo bila kutoka nje ya namba halisi.

Walimu wa aljebra, wafundisheni wanafunzi hata hili: programu ya hesabu ya MATLAB ikiombwa mizizi ya polinomia, huijengea matriksi kwanza, kisha hutafuta thamani zake za aigeni.