Wanasukari Bila Sukari

Nzoia Sugar iliposhushwa ngazi kutoka Ligi Kuu mwaka 2024, sisi mashabiki wa huku, kutoka Kitale hadi Bungoma, tulifanya lile tulilozoea: tukaanza kutafuta wa kulaumiwa. Kocha. Kipa. Straika aliyepaisha mpira akiwa yeye na wavu tu. Watangazaji wa redio nao wakatuunga mkono. Lugha yao ya kandanda imejaa vumbi, shoka na nyasi zinazoumia, lakini haina la kusema kuhusu mshahara.

Uchambuzi wa aina hiyo unanikera kuliko hata kushuka kwenyewe. Unasimulia anguko la miaka kana kwamba lilitokea ndani ya dakika 90.

Panda matatu Kitale, pitia Kiminini na Kamukuywa, utafika Webuye, mji wa Pan Paper. Kiwanda hicho cha karatasi kilifungwa mwaka 2009, kikaja kufufuliwa kwa jina jingine na mwenyewe mwingine. Geukia Bungoma, na kabla ya kuingia mjini uko Bukembe, kwenye miwa ya Nzoia. Kampuni iliundwa 1975, ikaanza kusaga 1978. Ni ya serikali, na kwa miaka mingi wafanyakazi wake wamekuwa wakidai malimbikizo ya mishahara. Sasa niambie: kama anayeendesha mtambo hajalipwa, winga atalipwa na nani?

Wala hii si hadithi ya Nzoia peke yake. Kombe la taifa la mwaka 1995 lilikwenda kwa Rivatex, 1996 kwa Mumias Sugar, 1997 kwa Eldoret KCC. Miaka mitatu mfululizo, timu tatu za kampuni, zote za upande huu wetu. Zitafute leo kwenye msimamo wa ligi. SoNy Sugar ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. 2019 ikafukuzwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Hebu fikiria, bingwa mzima anakosa kufika! Chemelil ikafuata kwa kushuka mwaka 2020. Hakuna kocha wa kulaumiwa kwa orodha kama hiyo.

Najua jibu la wenzangu: hata Gor Mahia na AFC Leopards, timu za wananchi, hudaiwa na wachezaji. Ni kweli, tena sana. Mdhamini wao SportPesa alijiondoa mwaka 2019 na njaa ikaingia kambini. Lakini Ingwe ilishuka mwaka 2006 na ikarudi, kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa isife, wakachanga, wakagombana, wakapiga kura, wakagombana tena. Fujo hiyo tunayoicheka ndiyo uhai wake. Nzoia haikuwa na fujo. Ilikuwa na bajeti, na bajeti ilipokauka, pale jukwaani hapakuwa na mtu mwenye haki ya kuuliza swali.

Halafu kuna jambo la uwanja. Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, uliokarabatiwa ukapendeza. Mwaka huohuo timu ikaaga Ligi Kuu. Kumbe pesa za viti zinaweza kupatikana haraka kama kuna gwaride. Sichukii uwanja, jamani. Nauliza tu nani atacheza pale wageni wakishaondoka.

Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha Nzoia kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Wakulima waliuliza kuhusu miwa yao, wafanyakazi kuhusu malimbikizo yao, na walikuwa na stakabadhi za kuonyesha. Nimekaa na mashabiki wa Nzoia Sudi, nimekaa nao Kitale wakisikiliza mechi kwa simu. Sijakutana na hata mmoja mwenye kadi ya uanachama.