Kinywa na Jembe katika Lugha ya Wanadiplomasia

Aghalabu usemi wa mataifa makubwa huhakikiwa kwa kupimwa ukweli wake. Kipimo hicho hakitoshi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuka juu ya ukame wa Pembe ya Afrika na madhara ya UVIKO-19, Marekani na Urusi zililaumiana kuhusu njaa ya Afrika: ya kwanza ilitaja vita, ya pili vikwazo. Zilihitilafiana karibu katika kila jambo, ila kwa zote mbili Mwafrika alikuwa kinywa kinachongoja kulishwa.

Usemi huo hauna pa kukaa Kitale. Huko ndiko makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, na huko ndiko yalikozalishwa mahindi chotara ya kwanza nchini, yaliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mkulima wa huko, na mwenzake wa Bungoma, hakuwa akingoja ngano ya Odesa. Alikuwa akitafuta mbolea. Uvamizi ulianza tarehe 24 Februari, wiki chache tu kabla ya kupanda, na mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000. Bei, kwa hakika, ilikwisha anza kupanda mwaka 2021, China nayo ilipobana mbolea yake isitoke. Jambo lisilofaa hoja ya upande wowote.

Tarehe 22 Julai 2022, mjini Istanbul, zilitiwa sahihi hati mbili. Ile ya nafaka ilishangiliwa. Ile ya Urusi na Umoja wa Mataifa, iliyohusu mbolea pia, haikuvuma sana. Na hata mbolea ilipokuja, tani 34,000 hivi zilizokuwa zimekwama Latvia, Kenya iliipokea mwaka 2023 kwa jina la zawadi.

Kiswahili nacho hakikusalimika. "Usalama wa chakula" hubeba maana mbili: chakula kisidhuru, na chakula kiwepo. "Uhakika wa chakula", litumiwalo zaidi Tanzania, ni afadhali. Lakini mintarafu ya mtenda, yote mawili ni mabubu, na mfasiri anayeyapokea bila kuyachunguza hupokea pamoja nayo kile kinywa kilicho wazi. Istilahi za shambani zimejengwa kwa namna nyingine. Katika "mbolea ya kupandia" na "mbolea ya kukuzia" kitenzi kimo, tena katika kauli ya kutendea, nacho chadai mtu wa kupanda na wa kukuza. Kamusi za diplomasia bado hazijaanza kuchota huko.