Kimya cha Leseni: Uhakiki wa Viwango vya Data vya ERMI na ONIX-PL

Maktaba ya chuo kikuu inaponunua kitabu, matumizi ya kitabu hicho huongozwa zaidi na sheria ya hakimiliki. Inapolipia jarida la kielektroniki, matumizi huongozwa kwanza na leseni, yaani mkataba baina ya maktaba na mchapishaji. Mkutubi anayeombwa kutuma nakala ya makala kwa maktaba nyingine hana budi kujua mkataba unasema nini, na jibu limo katika kurasa za lugha ya kisheria ambazo mara nyingi hazimfikii. Viwango vya data vilibuniwa ili kuliweka jibu hilo mbele yake. Uhakiki huu unachunguza viwango viwili, ERMI na ONIX-PL, na kudai kwamba udhaifu wake mkuu haumo katika idadi ya vipengele, bali katika namna vinavyoshughulikia tafsiri ya mkataba.

Ripoti ya ERMI ilitolewa mwaka 2004 na Digital Library Federation ya Marekani. Mchango wake mkubwa ni kamusi ya data inayoigawa leseni katika vipengele vidogo. Azima baina ya maktaba, kwa mfano, ina vipengele vitatu: nakala ya karatasi au faksi, nakala ya kielektroniki, na nakala inayotumwa kwa njia salama ya kielektroniki. Katika kila kipengele, mkutubi hubainisha kama tendo limeruhusiwa waziwazi, limeruhusiwa kwa tafsiri, limekatazwa waziwazi, limekatazwa kwa tafsiri, au kama leseni imekaa kimya na kimya hicho hakijatafsiriwa.

Mgawanyo huu unastahili sifa, kwa kuwa unakiri kwamba mikataba haitaji kila tendo. Msomaji mmoja huona kuwa lisilokatazwa limeruhusiwa. Mwingine huona kuwa lisiloruhusiwa limekatazwa. Wote wawili wamesoma ibara ileile. Hata hivyo, jibu la “limeruhusiwa kwa tafsiri” lenyewe halibainishi nani alitafsiri, lini, wala kwa hoja gani. Mambo hayo yakiandikwa, huishia katika sehemu ya maelezo huru, ambayo kompyuta haiwezi kuilinganisha kwa urahisi. Mkutubi aliyetafsiri akistaafu, maoni yake hubaki kwenye mfumo na kusomwa kana kwamba ni sharti la mkataba.

ONIX-PL, iliyoandaliwa na EDItEUR yenye makao yake London na kutolewa kama toleo la 1.0 mwaka 2008, inakwenda mbali zaidi. Inaieleza leseni nzima kwa XML, ili mchapishaji aweze kuituma kwa maktaba kama faili. Kwa undani inaipita ERMI, lakini undani huo una gharama: anayeiandika leseni kwa muundo huo anahitaji kuielewa XML na lugha ya mikataba pia. Baadaye NISO, kwa ufadhili wa Andrew W. Mellon Foundation, ilisimamia mradi wa kuandika leseni za mfano kwa muundo huo. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa, lakini leseni ya mfano si leseni iliyotiwa saini. Ibara zilizobadilishwa katika majadiliano ndizo ambazo maktaba ina haja kubwa zaidi ya kuzijua.

Kuna pia suala la mamlaka. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ibara yenye utata inaweza kufasiriwa dhidi ya upande ulioiandika. Maktaba inapopokea faili ya mchapishaji bila kuihoji, mwandishi wa utata ndiye anayekuwa mfasiri wake.

Zaidi ya hayo, uaminifu kwa matini si uaminifu kwa haki. Tangu mwaka 2014, sheria ya hakimiliki ya Uingereza inabatilisha nguvu ya sharti la mkataba linalomzuia mtu mwenye idhini halali ya kusoma kunakili kazi kwa ajili ya uchanganuzi wa matini na data katika utafiti usio wa kibiashara. Leseni yenye sharti kama hilo itaandikwa kwa usahihi kuwa “imekatazwa waziwazi”, na mtafiti ataiacha haki aliyopewa na Bunge.

Inaweza kujibiwa kwamba kiwango chepesi hutumika zaidi kuliko kiwango kamili. Hoja hiyo ina nguvu, lakini wepesi unaoficha tafsiri huhamishia gharama kwa mtumiaji. Kwa ushirika wa maktaba kama COTUL ya Tanzania na KLISC ya Kenya, ambako makubaliano mamoja huweza kuhusu vyuo vingi, kosa moja la tafsiri linaweza kuenea kote.

Kwa hiyo, kila jibu lililotokana na tafsiri linapaswa kubeba mambo matatu kama vipengele vya lazima: maneno ya ibara husika, jina la wadhifa wa mfasiri pamoja na tarehe, na sheria ya nchi inayoweza kulishinda sharti hilo. Bila hayo, mfumo humpa mkutubi jibu la haraka asiloweza kulitetea.