Mashine pepe isiwake mahali pawili

Mwezi Mei 2005, kwenye mkutano wa NSDI mjini Boston, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa Copenhagen walieleza jinsi walivyoihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 kutoka kompyuta moja hadi nyingine huku watu sita wakiendelea kucheza. Seva ilisimama kwa milisekunde 60, muda usiotosha hata kufumba na kufumbua.

Kazi ile ndiyo mlango mzuri wa kuingilia katika istilahi za klasta, ambazo wanafunzi wengi hukaririshwa moja moja bila kuonyeshwa zinavyoshikana. Karibu zote zinalinda kanuni moja: kila mashine pepe iwake mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Ikizimika dakika mbili, watumiaji watalalamika, na watakuwa na haki. Ikiwaka mahali pawili, data yao huharibika, na pengine isirudi tena.

Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe inayoendeshwa ndani yake ni mgeni. Programu inayowagawia wageni prosesa na kumbukumbu ni haipavaiza. Watafiti wa Cambridge walitumia ya kwao, Xen. Wenyeji kadhaa wakiunganishwa na kusimamiwa pamoja huwa klasta, na kila mmoja wao ni nodi. Diski za wageni kwa kawaida huwekwa kwenye hifadhi ya pamoja inayofikiwa na nodi zote, kwa hiyo anayemhamisha mgeni habebi diski. Anabeba yaliyomo kwenye RAM, hali ya prosesa, na anwani ya mgeni kwenye mtandao.

Ugumu uko kwenye RAM. Seva ya wavuti waliyoijaribu ilikuwa na megabaiti 800. Ukiisimamisha kwanza ndipo unakili kupitia waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, utasubiri zaidi ya sekunde 6, na miunganisho ya wateja itaanza kukatika. Wao waliisimamisha kwa milisekunde 210 tu. Siri ni kunakili huku mgeni akifanya kazi. Mzunguko wa kwanza hupeleka kurasa zote za kumbukumbu. Wakati huo mgeni anaendelea kuandika, na kila ukurasa anaougusa hutiwa alama kuwa ni mchafu. Mzunguko wa pili hupeleka kurasa chafu peke yake. Kwa kuwa ni chache, unakwisha upesi, na muda wa kuchafua nyingine ni mfupi zaidi. Hivyo hivyo hadi kinachobaki ni kile kikundi kidogo cha kurasa zinazoandikwa mfululizo, ambazo kuzinakili tena ni kupoteza muda. Hapo mgeni husimamishwa, mabaki yakapelekwa pamoja na hali ya prosesa.

Hata kasi ya kunakili ilipangwa kwa busara. Mzunguko wa kwanza ulikwenda polepole ili usiwanyang'anye wateja mtandao, kisha kasi ikapandishwa kufuata jinsi kurasa zilivyokuwa zikichafuliwa. Na kwa uaminifu unaostahili kuigwa, waliandika pia programu ya makusudi ya kuchafua kumbukumbu haraka kuliko waya unavyoweza kubeba. Mgeni wa megabaiti 512 akasimama kwa sekunde 3.5. Kwa hiyo anayetaka kuhamisha seva ya hifadhidata asiishie kuuliza ina RAM kiasi gani. Aulize inaandika kwa kasi gani, na waya wa kuhamishia unabeba kiasi gani.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ya makabidhiano. Baada ya mgeni kusimamishwa na mabaki kupelekwa, kuna nakala mbili kamili zilizolala, moja kila upande. Mwenyeji wa zamani bado ndiye mwenye haki: mpya akishindwa, wa zamani humwamsha mgeni wake na kazi ikaendelea. Ni mpaka mpya athibitishe kwamba amepokea kila kitu ndipo wa zamani anakubali kuifuta nakala yake. Kisha mgeni anawashwa upande wa pili, na tangazo la ARP linarushwa ili swichi na majirani wajue anwani ile ya IP sasa inapatikana kwingine. Hakuna nukta hata moja ambapo nakala zote mbili zinafanya kazi.

Kuna njia ya kinyume, ambapo mgeni huwashwa kwanza upande mpya na kurasa zikafuata kila anapozihitaji. QEMU, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, iliipokea katika toleo la 2.5, mwaka 2015. Inamaliza tatizo la mgeni anayeandika mno, lakini kurasa zikiwa njiani mgeni anazitegemea nodi zote mbili, na moja ikifa anakufa naye. Mimi nisingeitumia kwa mashine yenye data nyeti.

Yote hayo ni safari iliyopangwa. Nodi inayozimika ghafla haikabidhi kitu, na hapa ndipo klasta nyingi hupata madhara. Nodi hupeana ishara za uhai kila mara. Moja ikinyamaza, waliobaki hawawezi kujua kama imekufa au kebo yake tu ndiyo imechomoka huku wageni wake wakiendelea kuandika kwenye hifadhi ya pamoja. Wakiwawasha wageni wale wale kwingine, mfumo wa faili kama ext4, usiotengenezwa kwa waandishi wawili, utavurugika. Ni kama mirathi: haigawanywi mpaka kifo kithibitike.

Uthibitisho huo hupatikana kwa kutenga. Nodi iliyonyamaza hukatiwa umeme kwa mbali, au hujizima yenyewe. Katika Proxmox, mfumo kutoka Austria unaopendwa na ofisi ndogo, nodi yenye wageni wa kulindwa ikipoteza akidi kwa sekunde kama 60 huwashwa upya na kipima muda cha ulinzi. Waliobaki husubiri muda huo upite ndipo wawachukue wageni wake.

Akidi hiyo ni wingi wa kura za nodi, kila moja ikiwa na kura yake. Nodi tatu zinahitaji kura 2, tano zinahitaji 3. Nne zinahitaji 3 pia, kwa hiyo nne zinahimili kifo cha nodi moja tu, sawa na tatu. Mbili zinahitaji zote mbili. Ofisi inayonunua seva mbili kwa nia ya usalama, ikaziacha bila kura ya tatu, imenunua klasta inayogoma seva moja tu inapozimika. Kura hiyo haihitaji seva kubwa. Kompyuta ndogo iliyo nje ya klasta, yenye programu ya kupiga kura, inatosha.

Nodi ya Proxmox isiyo na akidi hulifanya folda la /etc/pve lisomeke tu lisiandikike. Msimamizi aliyeamshwa usiku hukuta hakuna anachoweza kuwasha, na amri ya kuilazimisha klasta ikubali kura moja iko karibu: pvecm expected 1. Asiiandike kabla ya kwenda mwenyewe hadi kwenye seva ya pili na kuhakikisha kwamba imezimwa.

Klasta mpya ijaribiwe kabla ya kupewa kazi ya kweli, na jaribio lenyewe lisiwe la kuchomoa umeme, maana nodi isiyo na umeme haiandiki kitu. Chomoa kebo za mtandao wa klasta za nodi moja, uache umeme na njia ya hifadhi. Subiri ijiwashe upya yenyewe. Kisha fungua kumbukumbu za matukio za pande zote, ulinganishe saa: mgeni asiwe amewashwa kwingine hata sekunde moja kabla ya nodi yake kuzimika.