Heko, Wapika Chapati wa Nairobi!

Ukipita Kangemi au Kawangware jioni, matatu zikishusha watu kutoka mjini, utawakuta kando ya barabara: jiko la makaa, kikaango kizito cha chuma na mikono isiyotulia. Hawa ni wapika chapati, na wanastahili pongezi.

Kazi yao huanza kabla ya moto. Unga wa ngano hutiwa chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu, ukakandwa hadi ulainike, kisha ukafunikwa upumzike. Asiyeupumzisha atapambana nao: kila akiusukuma, unajirudi. Donge husukumwa, hupakwa mafuta, huviringwa kama konokono, halafu husukumwa tena. Kuviringa huko ndiko kunakozaa matabaka.

Ujuzi huu tuliupata kwa Wahindi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi 1899, pamoja na vibarua wengi kutoka Bara Hindi. Kwa miaka mingi, katika nyumba nyingi, chapati ilikuwa chakula cha Krismasi na cha wageni. Leo fundi wa gereji na karani wa River Road hula chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, siku ya kazi, bila kungoja sherehe. Aliyewezesha hayo ni mpishi huyu, anayevumilia moshi, bei ya unga na misako ya kanjo, askari wa jiji. Tumlipe haki yake bila kuombaomba punguzo, na tumwambie wazi: mkono wako mtamu!