Pipa la Mawese Hupasuliwa na Moto, si Uzito

Katika ukanda wa Imbo nchini Burundi, kutoka Bugarama kuteremka na barabara ya ziwani hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mkamuaji mdogo wa mawese hutegemea pipa la chuma la lita 200. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, huchemshwa humo kwa saa kadhaa kabla ya kupondwa na kukamuliwa, kisha mafuta hurudishwa motoni ili maji yajitenge. Pipa lenyewe liliundwa kwa kusafirishia mafuta ya mitambo, halikuundwa kukalia mafiga. Likianza kuvuja ubavuni, dawa inayopendekezwa ni bati nene zaidi, kwa madai kwamba mzigo umelizidi nguvu. Hesabu inakataa. Tena kukataa kwake kunaonyesha vizuri kwa nini wahandisi hutumia mbinu ya elementi finaiti pale uzito na joto vinapokutana.

Tuanze na uzito. Chukua pipa lenye kipenyo cha sentimita 57 na ukuta wa milimita 1, maji yakiwa yamefika kimo cha sentimita 85. Msukumo wa maji kwenye kitako ni kilopaskali 8.3 hivi. Uzidishe kwa nusu kipenyo, ugawe kwa unene wa bati: mkazo unaouvuta ukuta kwa mzunguko ni megapaskali 2.4. Chuma laini cha kawaida huanza kukunjika bila kurudi kwenye megapaskali 250 hivi, kwa hiyo maji hayajatumia hata asilimia moja ya uwezo wa bati. Moto una habari nyingine. Bati lililoloa haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 za selsiasi, kwa kuwa maji yanayochemka huliondolea joto papo hapo. Juu ya usawa wa maji kuna mvuke tu, na ndimi za moto zikipanda pembeni, bati kavu linaweza kufika nyuzi 300. Chuma hutanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi, hivyo pete kavu inataka kuwa pana kuliko pete iliyoloa kwa karibu milimita 1.4. Lakini zote mbili ni bati moja. Ya juu inabanwa, ya chini inavutwa, zinakutana katikati, na kila moja inabeba mkazo wa megapaskali 240 hivi. Hiyo ni mara 100 ya kazi ya maji. Na tazama kilichokosekana katika hesabu hii ya pili: unene wa bati. Ukiongeza unene mara mbili, mkazo wa maji unapungua nusu, ule wa joto unabaki palepale.

Hesabu ya mkono inatupa ukubwa wa tatizo, ila haitoshi kufuata umbo halisi lenye mikunjo, mshono na kitako. Hapo ndipo mbinu ya elementi finaiti huingia: pipa hukatwa, kwenye kompyuta, kuwa vipande vidogo vinavyoshikana kwenye nodi. Kwanza hutafutwa joto la kila nodi; kisha joto hilo huingizwa katika hesabu ya pili pamoja na uzito, ili kupata mjongeo na mkazo. Mtego uko kwenye ukubwa wa vipande. Kwa pipa hili, vurugu ya mkazo karibu na usawa wa maji hujikusanya katika upana wa sentimita chache tu. Mwenye kuweka vipande vya sentimita 5 ataifuta vurugu hiyo kwa wastani, atangaze kwamba pipa ni salama, na picha yake ya rangi nyekundu na buluu itapendeza kwelikweli kwenye ripoti. Pale panahitaji vipande vya milimita 3 au 4. Kwingineko vikubwa vinatosha.

Mbinu hii ilipitia mtihani wa aina hiyohiyo mapema sana. Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeipa jina la elementi finaiti mwaka 1960. Muda mfupi baadaye, yeye na Edward Wilson waliitumia kuchunguza bwawa la Norfork huko Arkansas, Marekani, lililojengwa miaka ya 1940 na kupata ufa wa wima uliosababishwa na mabadiliko ya joto wakati wa ujenzi. Walichora mkato wa bwawa pamoja na mwamba ulio chini yake, wakauingiza ufa wenyewe, kisha wakakokotoa jinsi unavyojifunga kwa msukumo wa maji. Joto lilikuwa limepasua, maji yakawa yanauchezesha ufa. Kulitenga moja na jingine kungeficha tatizo.

Mtu atapinga kwamba joto halibadiliki ghafla kama makali ya kisu; hupungua polepole kadiri linavyosafiri ndani ya chuma. Ni kweli, na mkazo unashuka. Hata ukishuka hadi nusu, zinabaki megapaskali 120, mara 50 ya mkazo wa maji, tena zinarudi kila pipa linapowashiwa moto na kupoa. Mwingine atasema muuaji ni kutu. Kutu ipo, na bati nene huichelewesha. Hilo halina ubishi. Ila chuma kinachovutwa na kuachiwa kila mara hupasua ganda la kutu na kufungua chuma kipya kiliwe, kwa hiyo hoja ya kutu haiuondoi moto kwenye kesi. Na kwa anayeuliza mkulima atapata wapi kompyuta, jibu ni kwamba haihitajiki kwa kila pipa. Mapipa haya yana vipimo karibu sawa. Hesabu moja iliyofanywa vizuri katika chuo chochote itafaa ufuko mzima.

Pesa ya bati nene ingefaa zaidi kwenye ukuta wa udongo wa jiko, unaozuia ndimi za moto zisivuke usawa wa maji, na mchemshaji aongeze maji kabla hayajashuka chini ya ukingo wa udongo huo. Anayetilia shaka asugue msasa upande wa nje, juu ya usawa wa maji, mpaka chuma king'ae, awashe moto kama kawaida, kisha afute masizi na kutazama. Manjano ya majani makavu ni dalili ya nyuzi 220 hivi. Buluu ni 300, na hapo ukuta wa jiko uinuliwe.